Kilabu cha Watoto Kisicho na Pombe

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi walinipa redio, blanketi na hotuba. Redio inashika vizuri na blanketi linatosha. Hotuba ndiyo ilinisumbua, maana ilisema nimeacha pengo lisilozibika, na wiki hiyohiyo nikasikia mtu ameshakaa kwenye kiti changu. Sina kinyongo. Ila mmoja wa vijana hao, aliyekabidhiwa klabu za michezo za watoto, alinifuata nyumbani kwangu Buhare kuniuliza kwa nini klabu zake zinafunguliwa kwa ngoma halafu zinakufa kimyakimya. Nilimwambia anywe chai kwanza. Alipomaliza chai mimi nilikuwa bado niko kwenye mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na yeye ilibidi awahi basi. Kwa hiyo yaliyobaki nayaandika, asome na wenzake kwa nafasi yao. Vyeo na mishahara nitavipita: vyeo vilichelewa kuja na mishahara iliwahi kuisha.

Mimi Tabitha nilisomea ubibi maendeleo, miaka michache baada ya Uhuru. Tulifundishwa kupika uji wa lishe, kusimamia uchimbaji wa vyoo, na kumshawishi mwanaume mwenye ng'ombe wengi kwamba choo si cha wageni peke yao. Niliporipoti Musoma nikakuta nafasi ya bibi maendeleo imeshajazwa. Wakanipeleka upande wa michezo kwa sababu huko kulikuwa na kiti na mwenye kiti amehamishwa. Kazi yenyewe iliitwa Bwana Michezo. Nilimuuliza mkuu wangu, Mwalimu Wambura, mimi sasa nitaitwaje. Alifikiri kidogo, akasema serikali haijafika huko bado. Basi nikawa Bwana Michezo mpaka nilipostaafu. Vijijini waliniongezea heshima, wakaniita Mama Bwana Michezo, na mzee mmoja aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa kama mume wangu, Bwana Michezo mwenyewe, atakuja lini.

Mwalimu Wambura alikuwa mtu mnene, mpole, aliyefundisha shule za msingi muda mrefu kabla ya kuletwa ofisini. Filimbi aliivaa shingoni kama watu wengine wanavyovaa tai, na aliipuliza kwa nadra. Siku yangu ya kwanza hakunipa hata kalamu. Alinipa mpira uliopasuka. Mipira ya wakati huo ilikuwa ya ngozi, ina mdomo unaofungwa kwa kamba kama kiatu, na ndani mna kibofu. Mtoto akiupiga kwa kichwa upande wa kamba, anakumbuka siku hiyo mpaka anaoa. Kibofu kikitoboka tuliziba kwa kiraka cha baiskeli. Ngozi ikikauka tuliipaka mafuta ya ng'ombe, lakini kidogo tu, kwa sababu mbwa wa Musoma nao walikuwa wapenda michezo.

Nilipoweza kuziba, akanituma Buhare nikaanzishe klabu ya watoto. Nilienda na mpira, filimbi na kitabu cha mazoezi ya viungo. Watoto walikuja wengi, wa wavuvi na wa wakulima, wakipiga soga kama wako sokoni. Niliwanyamazisha. Nikawapanga mistari, nikawanyoosha mikono, nikawahesabia moja mbili, moja mbili, na mpira nikautoa mwishoni kama zawadi kwa waliotulia. Nilirudi Musoma nimejaa sifa zangu mwenyewe. Wiki iliyofuata nilikuta mbuzi wawili na mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa pale uwanjani.

Nilimweleza Mwalimu Wambura. Akaniuliza watoto walikuwa wanaongea nini siku ile ya kwanza. Nikamwambia sijui, niliwakataza kuongea.

"Basi ulifungua jela, Tabitha," akasema. "Na wafungwa wametoroka."

Kisha akanieleza jambo ambalo nimeliishi mpaka leo. Mtoto anayependa michezo, alisema, mara nyingi anapenda watu kwanza. Anakuja kwa sababu rafiki yake yuko pale, na siku rafiki akiacha, naye anaacha, hata ungempa mpira wa dhahabu. Akaniambia nirudi Buhare, nikae chini, nisiguse filimbi. Nilirudi nikakaa juu ya jiwe, mpira nikauweka pembeni. Nikaanza kumuuliza yule mama wa dagaa habari za watoto wake. Watoto wake wakaja kusikiliza wanavyosemwa. Wakaja wa jirani kusikiliza wenzao wanavyosemwa. Haikupita muda mtu akaupiga ule mpira, na mimi nikajifanya sijaona.

Bunda ndiko nilikokutana na tatizo la lugha. Kwenye mkutano wa hadhara nilisimama nikatangaza kwamba serikali imeniagiza nifungue klabu ya watoto, na kwamba watoto wote wa kike na wa kiume wanakaribishwa kila wiki. Nilishangaa kina mama wanatazamana. Kesho yake walikuja wazee wa kanisa, wamevaa vizuri, wakaniambia kwa huzuni kwamba wao hawapingi serikali, lakini kilabu kimoja cha pombe pale senta kinawatosha, na hicho kina watu wazima tu. Mzee mmoja aliuliza kama pombe yenyewe itakuwa ya mtama au ya ndizi. Sikujua huyo alikuwa anapinga au anajiandikisha. Tangu siku hiyo, kila nilikokwenda nilianza kwa kusema hiki ni kilabu kisicho na pombe, na kila mara kuna wanaume waliosimama wakaondoka.

Baada ya hapo ikaja shida ya siku. Jumamosi kuna wanaosali, Jumapili kuna wengine wanaosali, na siku ya mnada watoto wote wako nyuma ya ng'ombe. Niliomba ushauri kwa wazazi, nikapewa siku ambayo haipo. Mwishowe tuliwauliza watoto wenyewe, wakasema Jumatano wakitoka shule, kwa sababu siku hiyo wanapitaga njia moja kwenda kuchota maji. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuliona hilo, na mimi nilikuwa nimeshapoteza vikao vitatu.

Sasa niwaambie habari za Nyamuswa, maana huko ndiko nilikojifunzia kazi.

Nyamuswa ni nchi ya pamba na ng'ombe. Klabu ya pale ilikuwa mikononi mwa Mwalimu Masatu, kijana aliyetoka chuoni karibuni, msafi, mkakamavu, ambaye suruali yake ilikuwa na mstari hata akitoka kuchimba viazi. Alipenda sana ushindi. Na katika klabu yake kulikuwa na msichana anaitwa Nyabise, binti wa Mzee Mugeta. Nyabise alicheza netiboli kama mlinzi wa goli, na kusema kweli hakuwa mchezaji mkubwa. Kipaji chake kilikuwa watu. Alijua nani kaugua, nani kagombana na nani, ng'ombe wa nani kazaa. Mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, yeye alikuwa anawasalimia watazamaji mmoja mmoja, na mpira ukirudi upande wake aliuomba usubiri amalize.

Mwalimu Masatu alivumilia, kisha akachoka. Siku moja Nyabise aliacha goli wazi akaenda kumpa pole bibi aliyekuwa anapita na mzigo. Mwalimu akamfukuza klabu mbele ya wenzake. Alinieleza baadaye kwamba alitaka timu ipate nidhamu. Mazoezi yaliyofuata alikuja yeye na mpira. Alisubiri mpaka jua likapungua nguvu, akaenda kuwatafuta. Akawakuta wote, wasichana kwa wavulana, nyumbani kwa Mzee Mugeta, wamemzunguka Nyabise anayepukuchua mahindi na kuwasimulia. Hata nahodha alikuwepo, anapukuchua.

Nikaitwa nisuluhishe. Tulikwenda pamoja, mimi na Mwalimu Masatu na suruali yake. Mzee Mugeta alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayeongea kama vile maneno yanauzwa kwa kilo. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mkimchukua," akasema, "mchukue na kelele zake. Hapa hatulalagi."

Mwalimu Masatu alitakiwa aseme na Nyabise mwenyewe. Akamwambia kwamba klabu inamhitaji, na kwamba akirudi atapewa kazi maalumu ya kupokea wageni. Nyabise akauliza kama kazi hiyo inafanyika kabla ya mchezo au wakati wa mchezo. Mwalimu akasema kabla. Nyabise akasema sawa, lakini kwa sauti ambayo mimi, mwenye wadogo wa kike, niliielewa.

Nyabise aliirudisha klabu nzima kwa siku moja. Mechi yao iliyofuata ilikuwa na watoto wa Buswahili, na mimi nilikuwa mwamuzi. Buswahili walikuwa na mfungaji hodari, mrefu, asiyekosa. Katika netiboli ukishaushika mpira huruhusiwi kukaa nao. Lazima uutoe upesi au unapoteza. Basi yule mfungaji akaupata mpira karibu na goli. Nyabise akasimama mbele yake, mikono juu kama sheria inavyotaka, akamuuliza kwa upendo wa kweli: "Wewe si wa kwa Mama Nyanjiga? Shangazi yako mguu ulipona?"

Yule binti akajibu kwamba umepona kidogo ila usiku unamsumbua. Nikapuliza filimbi, amekaa na mpira. Ilitokea tena baada ya muda, safari hii kuhusu harusi ya kaka yake. Mwalimu wa Buswahili alinijia juu, akisema huo ni ujanja. Nilifungua kitabu cha sheria pale pale, nikakipitia, sikuona mahali palipokatazwa kumjulia hali mgonjwa. Na ninavyomjua Nyabise, haukuwa ujanja. Alitaka kujua habari za mguu. Baada ya mchezo walikaa wote wawili chini ya ukuta wa shule wakamalizia habari ya shangazi, na Mwalimu Masatu, ambaye timu yake ilishinda kwa mara ya kwanza, hakusema tena juu ya kelele.

Kisha pamba ikapasuka. Mtu ambaye hajakaa Nyamuswa hawezi kuelewa. Pamba ikipasuka, kila mwenye mikono anaitwa shambani, na klabu ya watoto ndiyo ya kwanza kufa. Nilimwendea Mzee Mugeta kumwomba angalau jioni moja kwa wiki. Akaniambia bintiye ana mikono miwili na mdomo mmoja, na shambani kinachohitajika ni mikono. Nilikubali kwamba nimeshindwa. Aliyeokoa jambo ni Nyabise, na hakufanya hivyo kwa ajili ya michezo. Alikuwa anakufa kwa upweke. Kuchuma pamba siku nzima na kaka wawili wasioongea kulimtesa kuliko jua. Akaja na shauri kwamba klabu nzima ichume shamba la kwao siku moja, kesho la kina fulani, na jioni wacheze palepale walipomaliza kuchuma. Wakati huo redio ilikuwa inaimba Ujamaa asubuhi na jioni, kwa hiyo hakuna mzazi aliyethubutu kusema ni wazo baya. Mzee Mugeta peke yake alisema watoto wakikusanyika watachuma maneno.

Alikuwa sahihi kwa siku ya kwanza. Walichuma haraka sana, wakiimba, wakishindana, na pamba waliyoleta ilikuwa imejaa majani, vijiti, na ndala moja. Karani wa chama cha ushirika aliirudisha yote. Alisema chama kinanunua pamba, hakinunui malisho. Nilikuwa pale kwenye mizani, nikatamani kuwa bibi maendeleo tena, nirudi kwenye vyoo.

Mzee Mugeta hakufoka. Jumatano yake alitandika majamvi uani, akaimwaga ile pamba yote, akawakalisha watoto kuizunguka. Pamba safi huku, fifi, ile yenye madoa, huku, uchafu kule. Mpira akaukalia yeye mwenyewe. Alitangaza kwamba hatanyanyuka mpaka pamba iwe nyeupe. Watoto wakachambua wakisimuliana, na kadiri hadithi zilivyonoga ndivyo mikono ilivyokwenda. Walimaliza mapema kuliko alivyotegemea, akabaki ameukalia mpira kwa mshangao mpaka Nyabise alipomwomba asogee. Karani aliipokea pamba ile yote. Tangu hapo kila mzazi alitaka klabu shambani kwake, na mvivu mmoja wa kijiji, ambaye sitamtaja kwa kuwa ana wajukuu, aliitaka mara mbili.

Mzee Mugeta alianza kubaki kutazama kinachowafanya watoto waharakishe hivyo. Mpira wa miguu aliuelewa. Netiboli ilimkera. Aliniuliza ni mchezo gani unampa mtoto mpira kisha unamkataza kutembea. Nilimweleza sheria, akatikisa kichwa, akarudi wiki iliyofuata kukereka tena. Mwisho wa msimu alikuwa na kigoda chake pale pembeni na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Halafu ikaja operesheni ya vijiji. Watu waliokuwa wamejenga mbalimbali waliambiwa wahamie pamoja, kwenye mistari. Uwanja wetu wa zamani ungebaki porini, na familia za klabu zingetawanywa kila moja na mstari wake. Siku ya kupima alikuja ofisa kutoka wilayani na Landrova, kamba na vigingi. Akaitisha mkutano, akaonyesha kwa fimbo: shule pale, zahanati pale, bohari kule, na hapa kwenye tambarare nzuri, ofisi ya kijiji. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kama mtumishi mwenzake. Nilimwona Nyabise katikati ya wenzake, na alikuwa kimya. Sikuwahi kumwona kimya. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye mizani.

Mzee Mugeta akasimama.

"Ndugu, nimeona shule, nimeona zahanati, nimeona ofisi. Watoto watakutana wapi?"

Ofisa akamjibu kwamba watakutana shuleni.

"Shuleni wanakutana na mwalimu. Mimi nauliza wao kwa wao."

Ofisa alieleza, kwa subira, kwamba uwanja ni starehe na utafikiriwa awamu ya pili. Mzee Mugeta akasema basi na yeye atahamia awamu ya pili, akakaa. Wazee waliokuwa karibu naye nao wakakaa. Siku zile haikuwa mzaha kuikalia serikali namna hiyo, na kila mtu pale alilijua hilo, hata ofisa, ambaye alianza kuifuta miwani yake.

Alipoivaa tena alitazama ile tambarare ya ofisi yake. Watoto walikuwa wamechoka na mkutano. Walikuwa wameng'oa vigingi vinne, wakavifanya magoli, na mpira ulikuwa unaendelea. Golini upande wa mashariki alikuwa amesimama dereva wa Landrova, amevua viatu. Nyabise alikuwa amemwendea kumsalimia, akamuuliza kwao ni wapi na alipokuwa mdogo alichezea namba ngapi. Basi.

Ofisa alimwita dereva. Dereva akaomba dakika chache, timu ziko sare. Ofisa alitazama gari asiloweza kuliendesha, akatazama jua, akatazama wazee waliokaa chini. Kisha akaja akakaa karibu na Mzee Mugeta. Sikusikia yote waliyoongea, lakini nilisikia ofisa anauliza yule msichana anayeongea na mpinzani wake ni wa nani, na Mzee Mugeta anajibu kwamba ni wake, kwa bahati mbaya, akitabasamu. Goli la ushindi lilipoingia, dereva akiwa amelala upande usiohusika, ofisi ya kijiji ilikuwa imeshahamia kwenye miamba. Ofisa alisema mbele ya wote kwamba ofisi inaweza kukaa popote, kwa kuwa haikimbii.

Watu wakahama. Haikuwa rahisi, wengine waliacha mashamba mazuri na kuna waliolia, siwezi kuficha hilo. Lakini jioni watoto walijua pa kwenda. Ng'ombe wa Mzee Mugeta waling'oa visiki, kina mama wakabeba mawe, na mistari tukachora kwa majivu. Mechi ya kuufungua uwanja tuliwaalika watoto wa Butiama, wakaja kwa lori la pamba, wanaimba tangu mbali.

Tulifungwa. Tulifungwa netiboli, tukafungwa mpira wa miguu, na katika kuvuta kamba tuliburutwa mpaka nje ya uwanja. Mwalimu Masatu alikaa peke yake na suruali yake ikapata vumbi. Baadaye kina mama wakaleta viazi vitamu vya kuchemsha na uji, watoto wakala pamoja, na hapo nikagundua kwamba hakuna tena upande wa Butiama na upande wa Nyamuswa. Dereva wa lori alipopiga honi, wageni hawakutoka. Wengine walikuwa wamejificha jikoni kwa wenyeji wao. Tulipowakusanya na kuwapandisha, lori likawa limejaa kuliko lilivyokuja, na katikati, amekaa juu ya gurudumu la akiba, alikuwepo Nyabise anasimulia. Nikamwambia ashuke. Akanijibu kwa heshima kwamba mgeni husindikizwa, Mama, na hawezi kuwaacha njiani. Klabu nzima ilikuwa mle. Dereva akasema atawashusha mwisho wa kijiji. Lori likaondoka na kelele zake, vumbi likatanda, na kwa mbali tukawasikia wanashuka, wanaagana, na wanaanza kuagana upya.

Uwanjani tulibaki mimi na Mzee Mugeta, amekaa kwenye kigoda chake.

"Tumefungwa," akasema.

"Tumefungwa sana, mzee."

Aliwasikiliza watoto wanaorudi na wimbo.

"Wiki ijayo tunacheza na nani?"